Mpulizaji hana jina

Juzi nilikuwa zamu ya usiku, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi huku Ujerumani. Bibi wa chumba cha mwisho hapati usingizi bila redio, kwa hiyo nikawa nambadilishia shuka huku klarineti inalia. Muziki ulipoisha mtangazaji hakukimbilia matangazo. Akamtaja mtunzi: Kinan Azmeh. Akamtaja mpuliza klarineti: Kinan Azmeh, huyohuyo. Akaitaja orkesta, akamtaja aliyeiongoza. Nikabaki nimesimama na shuka mkononi, hasira imenipanda, na sijui nimkasirikie nani.

Najua watu wa Isevya, kwetu Tabora, wameshaanza. "Kaenda Ulaya kuogesha wazee, leo anatufundisha klarineti." Naogesha wazee, ndiyo, na ada za watoto wa nani zinatoka kwenye sabuni hiyo, tusitajane. Lakini klarineti sikuijulia Ulaya. Baba yangu mdogo alikuwa nayo palepale Cheyo, aliijulia jeshini. Pale vipande vinapoungana palishalegea, akapazungushia uzi uliopakwa nta ya Sikonge, ile ya njano inayonuka moshi. Kabla ya kupuliza anaulamba ule ulimi wa tete mpaka ulainike, macho kayafumba kama mtu anayeonja mchuzi. Akianza, mbuzi wa jirani wananyamaza. (Hapo nimetia chumvi. Mbwa ndio walikuwa wanabweka.)

Basi asubuhi nikamtafuta huyo Azmeh. Mzaliwa wa Damascus, 1976. Akasoma kwao, halafu chuo cha muziki cha Juilliard, New York, akapata mpaka udaktari wa muziki. Yumo kwenye kundi la Silkroad alilolianzisha mpiga selo Yo-Yo Ma. Mwaka 2019 alitoa albamu na orkesta ya Deutsches Symphonie ya Berlin, akapuliza tungo zake na za Wasyria wenzake. Mwaka 2022 opera yake ikafunguliwa Osnabrück, inaimbwa Kiarabu, na Wajerumani wamekaa kimya wanasikiliza. Kilichonikamata zaidi ni kwamba anao utunzi kuhusu harusi za vijijini kwao. Harusi! Mtu kachukua vumbi na vigelegele vya kijijini, kavipeleka kwenye kumbi ambako watu wanavua makoti mlangoni, na jina lake limekwenda navyo.

Sasa tuje kwenye harusi zetu. Msiniambie kwamba sisi hatuna utamaduni wa kutaja majina. Tunao kupita kiasi. Emsii wa Tabora atamtaja mwenyekiti wa kamati, mweka hazina, shangazi aliyetoa kreti kumi za soda, mpishi wa pilau, fundi wa gauni, na namba ya gari lililoziba geti. Akifika kwa wapulizaji anasema, "Bendi, leteni kitu!" Basi. Baba mdogo amepuliza harusi ngapi, na sahani yake aliletewa nyuma ya jiko baada ya wapambe kushiba. Sikumbuki hata mara moja nilipomsikia akitajwa kwenye kipaza sauti, isipokuwa siku moja alipoambiwa apishe njia keki inapita.

Mtasema huyo Msyria amebebwa na Wazungu. Mmembeba nyie? Januari 2017, baada ya miaka mingi ya kuishi New York, alitoka kwa maonyesho, nyuma yake rais wa Marekani akasaini amri ya kuwazuia watu wa nchi saba kuingia, Syria ikiwemo. Akakwama Beirut, nyumba yake iko New York, hajui kama ataruhusiwa kurudi. Akaruhusiwa Februari, na siku chache baadaye albamu ya Silkroad, ambayo ile harusi yake imo, ikachukua tuzo ya muziki ya Grammy. Na Januari hiyohiyo mpingo nao ulianza kudaiwa vibali vya kimataifa kuvuka mipaka. Mpingo ndio mti wa klarineti, jamani. Huu wetu wa Kilwa na Lindi, unaozama majini kama jiwe. Mpulizaji anadaiwa karatasi, mti unadaiwa karatasi. Ala zilizokwisha kutengenezwa zililegezewa masharti mwishoni mwa 2019. Watu je? Muulizeni yeyote aliyewahi kupanga foleni ya viza.

Kwa hiyo sisemi huku ni peponi. Huku jirani yangu wa mlango wa pili, mwaka wa nne huu, hajui naitwaje, ananiita "halo". Lakini redio yao inamjua mpuliza klarineti.

Na sisi tulikuwa nao! Tabora hiihii ilitoa bendi ya Kiko Kids, ikatoa Nyanyembe Jazz, ikatoa Tabora Jazz, wana Segere Matata. Zikipigwa zilipendwa Jumapili, baa nzima inajua nani aliimba, wazee watakutajia mpaka nani alikung'uta gitaa la solo. Ukiuliza ule mdomo wa bata, yaani saksafoni, alipuliza nani, watu wanaangalia chupa zao.

Nikasema nisiwe wa kulaumu tu. Nikampigia mama mdogo, akaitafuta ile picha ya bendi ya marehemu mumewe, akanipigia picha kwa simu. Wanaume watano, suruali za mabwaya. Akawataja mmoja mmoja bila kusita: mwimbaji, na kwao, na mkewe wa kwanza. Wa gitaa. Wa ngoma. Baba mdogo. Akafika kwa yule wa pembeni, mrefu, aliyekumbatia saksafoni.

"Huyu alikuwa anakula hapa nyumbani kila Ijumaa," akasema.

"Jina lake, mama?"

Akanyamaza muda mrefu, salio langu linakwisha.

"Sisi tulikuwa tunamwita Mdomo wa Bata tu, mwanangu."