Joto la ofisini sio uvivu jamani

Hili joto la ofisini hapa Mtwara mwezi wa pili watu wanalichukulia poa sana, eti zoea tu ndo pwani. Hapana! Umekaa chini ya bati, pangaboi linazungusha hewa ileile ya moto, mkono unanata kwenye karatasi mpaka wino wa muhuri unahamia kwenye kiwiko, ikifika saa nane unasoma mstari mmoja wa hesabu za korosho mara kibao na hauingii, halafu unaambiwa vijana wavivu. Mwili unapoa jasho likikauka, sasa hewa imejaa unyevunyevu wa bahari hivi litakauka saa ngapi? Na watu wameshapima, Boston kule Marekani kiangazi cha 2016, wanafunzi waliokaa mabweni yasiyo na AC kipindi cha joto kali, kwenye jaribio mojawapo walichelewa kujibu kwa kama asilimia 13 kuliko wenzao wenye AC. Vijana wazima wale, na ni Boston, sio huku! Sisi kiyoyozi kipo kimoja tu, chumba cha bosi, na mlango anafunga. Dirisha la upande wa bahari limezibwa na kabati la mafaili. Lisogezwe basi, na hesabu nzito tupewe asubuhi.