Saa ya Ami Imerudi Mpya

Alhamisi usiku, nimeshasali Isha, simu ikaita. Mpwa wangu aliyeko Dubai kaniletea picha tano za saa. "Mjomba, angalia hii. Rolex Submariner, saa ya kuzamia, toleo la 5513, ya mwaka 1978, imetoka kwa fundi wiki hii, ipo kama ya dukani. Muuzaji anataka arubuni kesho. Nitoe?"

Nikazikuza zile picha moja moja. Bodi inameremeta kama kijiko cha harusi. Pete ya juu nyeusi tii. Nukta za usoni nyeupe pee. Masikio yale manne yanayoshika mkanda yamepigwa msasa mpaka yamekonda. Nikamjibu neno moja, "Usitoe," kisha nikabaki barazani hadi saa sita za usiku. Machoni mwangu saa ya yule muuzaji ilikuwa imeshapotea. Nilikuwa naiona saa ya ami.

Ami alitoka Unguja akaingia Maskati mwaka 1973, kama wengi wa jamaa zetu walivyoingia baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Akapata kazi kwenye matagi, zile boti za kuvuta meli, ya bandari ya Matrah, na kwa kuwa alikuwa mzamiaji toka utotoni kwao Mkokotoni, kamba ikinasa kwenye rafadha ya meli anatumwa yeye. Mwaka 1977 alikwenda Dubai na pesa alizoziweka mwezi kwa mwezi, akarudi na ile saa mkononi, 5513 nayo. Watu walidhani ni fahari. Haikuwa fahari. Mtu aliye chini ya meli, maji ya bandari machafu, hana jua wala mwezi wa kumwambia amekaa muda gani. Anazungusha pete, ile alama ya pembetatu anaikutanisha na mshale wa dakika, anashuka. Akitupa jicho anajua dakika zake.

Nukta zake za kung'aa zilikuwa zimegeuka rangi ya samli. Pete ilipauka kwa jua na chumvi ikawa kijivu cha majivu, na karibu na namba 40 palikuwa na kovu dogo mfano wa ukucha, la siku aliyoibamiza kwenye rafadha akikata kamba ya nailoni. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukipitisha kidole juu ya lile kovu. Tukimuuliza saa ngapi, anatuinamishia mkono tusome wenyewe: mshale mdogo uko kwenye saba, na sisi kwa sauti moja, "Saa moja!" Watoto wa majirani wakituona wajinga, maana wao saba wanaisoma saba. Ilikuwa saa ya Uswisi, lakini nyumbani kwetu ilisomwa kwa hesabu ya kwetu.

Ami alipofariki, Allah amrehemu, saa ikaenda kwa mwanawe. Binamu yangu, kwa nia njema kabisa, akaipeleka kwenye karakana ya saa kufanyiwa sevisi. Sitoitaja karakana hiyo. Ikakaa miezi mitatu, ikarudi ndani ya kifuko cha mahameli. Uso mpya, akrabu (ile mishale) mpya, pete mpya, bodi imepigwa polishi mpaka unajiona. Kovu la namba 40 halipo. Tukauliza vile vya zamani viko wapi. Tukaambiwa vimeharibiwa, huo ndio utaratibu wao. Binamu akanivalisha niione, akauliza, "Si imependeza?" Nilishindwa kumjibu. Niliingia chooni, nikafungulia bomba, nikalia.

Sasa namwambia mpwa wangu, na yeyote mwenye pesa mkononi anayetafuta saa kuukuu ya kuzamia: unachokinunua ni uso wake. Chuma kipo. Mashine ipo, ile 1520 iliyomo ndani ya 5513 fundi aliyesomea anaifungua, anaisafisha, anaifunga, na ikisagika gurudumu linatafutwa lingine. Lakini uso ni kisahani chembamba cha madini kilichochapwa maandishi na kutiwa nukta, kikakaa miaka arobaini na kitu kikila mwanga, joto na unyevu wa mkono mmoja. Miaka ile haina kiwanda. Akiung'oa mtu, umeng'oka.

Na wala si hisia zangu za msibani tu. Nenda sokoni. Weka 5513 mbili za mwaka mmoja, moja na uso wake wa kuzaliwa, nyingine na uso uliobadilishwa kwenye sevisi. Wanaojua watalipa zaidi, tena sana, kwa ile iliyopauka. Wasiojua ndio wanaotozwa bei ya zamani kwa sura mpya. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Muuzaji anakuambia "ya mwaka 1978" ili ulipe thamani ya mwaka 1978, na papo hapo anakuonyesha uso wa juzi ili upendezwe. Analipwa mara mbili kwa kitu alichokipunguza.

Basi tazama hivi. Zima taa. Kwenye saa za Rolex, tangu miaka ya sitini mwanzoni hadi miaka ya tisini mwishoni, rangi ya kung'aa gizani ilikuwa na tritiamu, kitu chenye mnururisho kinachoifanya iwake, na tritiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila miaka 12 na kidogo. Fanya hesabu ya saa ya 1978: kilichobaki hakifiki hata sehemu moja ya kumi. Saa ya umri huo ikikuwakia gizani kama taa ya msikiti, ujue imetiwa rangi upya au uso wake si wake. Kisha chukua lensi, tazama ukingoni chini ya namba sita. Nyuso za 5513 za wakati ule zina SWISS na herufi T, na T hiyo ni ya tritiamu. Ya ami ilikuwa nayo. Hii iliyorudi imeandikwa SWISS MADE, basi, hakuna T. Herufi moja ndogo kuliko punje ya mtama, na ndiyo iliyonithibitishia kwamba sikuwa naota.

Tena usiishie kwenye T, maana hata nyuso za kubadilishia zilizotoka zama za tritiamu zinayo. Linganisha rangi ya nukta na rangi ya akrabu. Vilivyozeeka pamoja hufanana kama ndugu: nukta za samli, akrabu za samli. Ukikuta nukta nyeupe na akrabu za njano, au kinyume chake, uliza nani kabadilishwa na lini. Muuzaji mkweli atakuambia. Anayeanza kukusifia mkanda, rudisha saa mezani.

Nataka mjue saa hizi zilitokea wapi, pengine mtaelewa uchungu wangu. Zilizaliwa na kazi. Robert Maloubier na Claude Riffaud, maofisa waliokuwa wakiunda kikosi cha wazamiaji wa vita cha Ufaransa, walitafuta saa inayosomeka chini ya maji wakaikosa. Kampuni ya saa ya Blancpain, iliyokuwa chini ya Jean-Jacques Fiechter, ambaye mwenyewe alikuwa mzamiaji, ikatoa Fifty Fathoms mwaka 1953. Jina lenyewe maana yake pima hamsini, na mvuvi yeyote wa Nungwi anakijua kipimo hicho bila kufunzwa: nyoosha mikono miwili, hiyo ni pima moja. Pima hamsini ni kama mita 91. Mwaka huohuo ndio Rolex inaohesabu kuwa wa kuzaliwa kwa Submariner. Omega wakafuata na Seamaster 300 mwaka 1957, na Doxa mwaka 1967 wakatoa Sub yenye uso wa rangi ya chungwa ili mzamiaji auone haraka. Kila nukta, kila mstari kwenye nyuso hizo uliwekwa kwa ajili ya mtu aliye gizani ambaye pumzi zake zinahesabika. Ami alikuwa mmoja wa watu hao, ingawa hakuwa mwanajeshi na jina lake halimo kitabuni. Ule uso ulimtazama chini ya meli miaka mingi. Leo umetupwa kwenye pipa la karakana.

Hapa Oman jambo hili tungepaswa kulijua kuliko wengine. Marehemu Sultan Qaboos aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, nyingine zikiwa Submariner na Sea-Dweller, zenye nembo ya hanjari, lile jambia la Oman, kwenye uso, akazitoa zawadi kwa watu waliomtumikia. Saa ileile, chuma kilekile, lakini kwa sababu ya nembo isiyozidi ukubwa wa dengu bei yake inapaa mbali na ya mwenzake asiye na hanjari. Ndiyo maana hanjari za kughushi zimejaa, nyuso za kawaida zinachapwa nembo na kusingiziwa ikulu. Ukiletewa moja na mtu asiyeweza kukueleza ilitoka kwa nani ikapita kwa nani, achana naye, hata akiwa jamaa yako.

Nakubali, na nakubali kwa shingo upande, kwamba saa haiwezi kuachwa hivihivi milele. Mpira wa kuzuia maji unakauka, lazima ubadilishwe. Mafuta ya mashine yanaganda, na mashine isiyotiwa mafuta inajila yenyewe. Kioo cha plastiki kikipasuka, weka kingine; 5513 ilivaa plastiki mpaka mwisho wa maisha yake na hakuna anayelilia kioo. Binamu yangu hakukosea kuipeleka kwa fundi. Kosa ni kwamba hakuna aliyemwambia aandike kwenye karatasi kabla ya kuiacha: safisha mashine, badilisha mpira, usiguse uso, usiguse akrabu, usiguse pete, usipige polishi, na chochote utakachokitoa nirudishie. Kama fundi hakubali masharti hayo, ondoka na saa yako.

Polishi nayo. Kila inapopita inakula chuma, na chuma kilicholiwa hakirudi. Tazama masikio ya saa kwa ubavuni: kingo zake ziwe kali, unene wake ufanane pande zote, na yale matundu ya pini yasionekane kama yamesogea ukingoni. Afadhali mikwaruzo mia kuliko sikio moja lililolainishwa.

Mengine ni mafupi. Boksi na karatasi ni vizuri, lakini usilipie karatasi ukasahau saa. Ondoa mkanda usome namba zilizochongwa kati ya masikio. Zikiwa zimefutika, acha. Saa za kabla ya miaka ya sitini nyingi zina radiamu, usizifungue mwenyewe nyumbani, vumbi lake ni hatari. Wala usiogelee na saa ya umri huu, hata fundi akikuapia. Anayetaka kuzama anunue mpya.

Na msikimbizwe. "Arubuni kesho" ni kamba ya kukufunga. 5513 ilianza kutengenezwa mwaka 1962 na haikukoma mpaka miaka ya themanini inaisha. Zipo. Hii ikikupita, kuna nyingine kwenye droo ya mzee fulani Mombasa, Sharjah au Marseille, haijaguswa, inangoja mtu atakayejua kuitazama.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu Ijumaa baada ya chakula cha mchana, kwa simu, karibu saa nzima. Alinyamaza, kisha akasema, "Mjomba, kwani ile ya babu Matrah ilikuwaje?" Sikuwa na saa ya kumwonyesha. Nikamtumia picha ya mwaka 1989: ami amekaa kwenye ngazi ya tagi, kikoi kimelowa, mkono wa kushoto uko juu ya goti. Ukiikuza, pete ya kijivu inaonekana. Kovu halionekani, lakini mimi najua lilipo.

Jana usiku kaniletea picha nyingine, mbili tu. Kaipata kwa mzee mmoja mstaafu, haina boksi. Kioo kimejaa mikwaruzo, pete imepauka upande mmoja kuliko mwingine, nukta na akrabu rangi ya samli, masikio manene, na pale chini ya sita T ipo mahali pake. Picha ya pili ilikuwa nyeusi yote. Nilidhani kakosea, kumbe kaizima taa kama nilivyomwagiza, na hakuna kilichowaka.

Nimemwambia aulize bei.