Kibali cha masomo Kanada: pesa utaonyesha, kurudi utaonyeshaje?

Barua ya kunyimwa kibali cha masomo cha Kanada ni fupi, na uzito wake wote uko kwenye sentensi moja: afisa hajaridhika kwamba utaondoka muda wako ukiisha. Chini yake hufuata sababu zilizochaguliwa kutoka orodha iliyo tayari. Huna uhusiano wa kutosha wa kifamilia nje ya Kanada. Lengo la safari yako haliendani na ukaaji wa muda. Mali na hali yako ya kifedha haitoshi. Kijana wa Kisumu na mwenzake wa Arusha wanaweza kupokea barua zinazofanana neno kwa neno, ilhali maisha yao hayafanani hata kidogo.

Tangu Kanada ianze kubana mlango mwaka 2024, maneno mengi huku kwetu yamekuwa juu ya pesa na idadi: wameongeza dola, wameongeza karatasi, wanatufungia. Naona tumeshika mkia tukaacha kichwa. Masharti ya pesa, pamoja na uchungu wake, yana hoja. Lenye kasoro ni lile swali la kurudi.

Upande wao kwanza. Mwisho wa 2023 Kanada ilikuwa na wanafunzi wa kigeni wenye vibali zaidi ya milioni moja, katika nchi ya watu wapatao milioni 40. Hawakufika huko kwa bahati mbaya. Mwaka 2019 jimbo la Ontario lilipunguza karo za wenyeji kwa asilimia 10, kisha likazuia zisipandishwe, na vyuo vikaanza kutafuta pa kufidia. Mgeni akawa ndiye jibu. Katika mwaka wa masomo wa 2024/25, mwanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka nje alilipa kwa wastani zaidi ya dola 40,000 za Kanada, huku mwenyeji akilipa karibu 7,400. Chuo kimoja tu cha Ontario, Conestoga, kilipata vibali zaidi ya 30,000 mwaka 2023. Vyumba vya kupanga havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Katikati ya hayo ikafichuka kesi ya mamia ya vijana kutoka India walioingia kwa barua bandia za udahili, wengi wakisema wao wenyewe hawakujua. Ajenti aliyehusika, Brijesh Mishra, alikiri makosa mahakamani Kanada mwaka 2024 akafungwa. Ndiyo maana tangu Desemba 1, 2023 kila barua ya udahili huthibitishwa na chuo chenyewe kabla faili halijasonga. Januari 22, 2024 kikatangazwa kikomo cha idadi, kila jimbo na mgao wake, na mwombaji akatakiwa kuambatisha barua ya uthibitisho kutoka jimbo anakokwenda. Waombaji wa uzamili na uzamivu waliingizwa kwenye sharti hilo mwaka 2025, kisha wale wa vyuo vya umma wakatolewa tena kuanzia Januari 2026. Sheria inayokwenda na kurudi namna hii inamchosha mtu anayejiandaa kwa miaka miwili, lakini huwezi kusema haina sababu.

Sasa pesa. Kiwango cha pesa za kujikimu ambazo mwombaji lazima aonyeshe kilikaa dola 10,000 kwa takriban miaka ishirini. Januari 2024 kikapanda hadi 20,635, na tangu Septemba 1, 2025 ni dola 22,895 kwa mtu mmoja anayekwenda nje ya Quebec, mbali na karo ya mwaka wa kwanza na nauli. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 2 za Kenya. Kwa mwalimu wa shule ya msingi, hapo mazungumzo yameisha. Lakini waulize waliokwenda na zile elfu kumi. Watakusimulia nyumba ya chini ya ardhi huko Brampton, jirani na Toronto, magodoro yamepangwa ukuta hadi ukuta, foleni ya chakula cha msaada, zamu ya usiku ghalani, na somo la saa mbili asubuhi lililoachwa wiki baada ya wiki. Afadhali kuambiwa hapana ukiwa Nairobi kuliko kuambiwa na mwenye nyumba mwezi wa Januari, theluji iko mlangoni.

Ugumu ni kwamba pesa zetu hazikai mahali pamoja. Mfumo wao unataka kuona akaunti yenye jina moja na taarifa za benki za miezi minne, mshahara ukiingia kila mwisho wa mwezi. Mali ya mzazi wa Bungoma iko kwenye shamba la miwa, kwenye Sacco, kwenye chama, kwenye ng'ombe watatu, na kwenye kiwanja ambacho hati yake bado ina jina la marehemu babu. Halafu kuna harambee. Ndani ya wiki mbili akaunti iliyokuwa na shilingi elfu arobaini inakuwa na milioni moja na nusu, zimetumwa kwa M-Pesa na watu mia moja. Kwetu huo ndio ushahidi mkubwa kabisa kwamba kijana ana watu nyuma yake. Kwa afisa ni pesa zilizotokea ghafla, hazina maelezo.

Hapa siwezi kumlaumu afisa moja kwa moja. Maana jirani na harambee ya kweli wapo maajenti wanaouza huduma ya kupamba akaunti: pesa za kuazima zinaingia, taarifa inachapishwa, zinatoka. Kwa karatasi peke yake, huyu na yule wanafanana. Anayekamatwa na uongo wa namna hiyo hufungiwa mlango wa Kanada kwa miaka mitano, na mara nyingi ni kijana anayefungiwa, ajenti anabadilisha laini ya simu. Tusisahau pia kwamba si kila maumivu yametoka ubalozini. Mwaka 2023, wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipia mpango wa kaunti yao wenyewe wa kupeleka vijana Finland na Kanada, na jambo likafika mahakamani.

Pesa, basi, hata zikiwa za mchango, zinaelezeka. Orodha ya waliochanga inaweza kuambatishwa, barua ya kamati ikawekwa, taarifa ya Sacco ikagongwa mhuri. Kuna kiwango kilichoandikwa, unakifikia au hukifikii. Kurudi hakuna kiwango.

Kanuni ya 216 ya uhamiaji ya Kanada inamtaka afisa aridhike kwamba mwombaji ataondoka muda ukiisha. Kifungu cha 22 cha sheria yenyewe kinakubali kwamba mtu anaweza kuja kwa muda huku akitamani siku moja awe mkazi wa kudumu, na nia hiyo peke yake isimwangushe. Ukivisoma pamoja vina mantiki. Ukiviona vikifanya kazi, vinavutana. Chuo kinakuja kwenye maonyesho ya elimu hotelini, kinaeleza kibali cha kazi cha hadi miaka mitatu baada ya kuhitimu na jinsi kazi hiyo inavyoongeza alama za kuombea ukazi wa kudumu. Kijana anavutwa na maneno hayo hayo. Anaporudi nyumbani kuandika barua ya kujieleza, kila anayemsaidia anamwambia asithubutu kuyataja. Aandike atarudi kuendesha biashara ya baba. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya safari ya elimu ni kufundishwa kudanganya kwa adabu.

Serikali ya Kanada haina wasiwasi wa bure. Takwimu za wizara yake ya uhamiaji zilizotoka mapema 2025 zilionyesha karibu wanafunzi 50,000 ambao katika Machi na Aprili 2024 hawakuonekana kwenye vyuo vilivyowapa nafasi. Mwaka huo huo wa 2024 wanafunzi wa kigeni wapatao 20,000 waliomba hifadhi ya ukimbizi. Nasi Wakenya tunakumbuka picha za kiangazi cha 2023, Waafrika wakilala barabarani Toronto wakisubiri vitanda vya hifadhi, na wa kwetu wakiwemo. Wengi wao waliingia kama wageni wa kawaida, si kwa vibali vya masomo, lakini afisa mwenye faili la Nairobi mbele yake hawezi kujifanya hajaziona.

Nakubali hayo yote na bado nasema swali limekaa vibaya. Tazama linavyopimwa. Mwombaji ni kijana, hana mke au mume, hana mtoto, hana kazi ya kudumu: basi hana kinachomvuta nyumbani. Huyo umemweleza mwanafunzi! Majaji wa Mahakama ya Shirikisho ya Kanada wameliandika hilo zaidi ya mara moja walipokuwa wakitengua maamuzi. Akiwa na mke na mtoto, kwa nini aache familia akasome? Akiwa na kazi nzuri, cheti hicho cha nini? Kila jibu lina mlango wa kukataliwa.

Na penye nafasi ya kukisia, asili ya mtu huingia. Ripoti iliyotayarishwa kwa wizara hiyo hiyo na kampuni ya Pollara mwaka 2021 ilinukuu wafanyakazi waliosema kuwa ofisini kulikuwa na jina la dharau kwa kundi la nchi 30 za Afrika. Mwaka 2022 kamati ya Bunge ikaandika kwamba wanafunzi wa Afrika, hasa wa nchi zinazotumia Kifaransa, walikuwa wakikataliwa kwa viwango vya juu kuliko wengine. Hayo hayakusemwa na wanaharakati wa huku. Yalisemwa Ottawa.

Kuna kilichorekebishwa. Zamani kujua kwa nini ulinyimwa kulihitaji mtu aliyeko Kanada akuombee maelezo ya afisa kwa ada ya dola 5, kisha msubiri. Tangu Julai 29, 2025 wizara ilianza kuyaambatisha kwenye barua yenyewe. Ni mistari michache, lakini inakuonyesha kama afisa aliisoma taarifa ya Sacco au aliipita. Kama hakuisoma, una siku 60 za kwenda Mahakama ya Shirikisho. Ada ya kufungua ni dola 50, wakili ni maelfu, na ukishinda hupati kibali. Faili linarudi kwa afisa mwingine. Wengi hulipa tena dola 150 za maombi na kuanza upya, alama za vidole za awali zikitumika hadi miaka kumi.

Lakini kinachonishawishi zaidi kwamba swali hilo si la lazima ni Kanada yenyewe. Agosti 26, 2024 ilianzisha mpango wa majaribio kwa wanafunzi wanaosoma kwa Kifaransa nje ya Quebec, kwa raia wa nchi 33, zikiwemo Burundi, Rwanda, Kongo na Komoro. Wanaoomba kupitia mpango huo hawatakiwi kabisa kuthibitisha kwamba wataondoka, na hata kiwango cha pesa kimelegezwa. Nafasi za mwaka wa kwanza zilikuwa 2,300 tu. Sababu iko wazi: Kanada inataka wazungumzaji wa Kifaransa wabaki katika majimbo ya nje ya Quebec. Ni haki yake kuchagua.

Ila tazama ramani. Kijana wa Bujumbura anayekwenda chuo kikuu cha Kifaransa cha Moncton haulizwi kama atarudi. Mwenzake wa Kigoma, ziwa moja, samaki wale wale, pengine ukoo mmoja, akiomba kusoma kwa Kiingereza katika mji huo huo, ataandika kurasa mbili kuhusu kiwanja cha babu yake, na afisa ataandika kwamba hajaridhika.