Buletiprufu inazuia risasi sawa, ila risasi ipi?

Jumapili pale kijiweni ulizuka ubishi ambao mpaka kahawa inapoa ulikuwa haujaisha. Alipita mlinzi wa duka la kubadilishia fedha, kavaa buletiprufu nyeusi nene juu ya shati la kazi, bunduki begani. Mzee mmoja akasema huyo kijana hata umpige SMG hafi, ataanguka tu halafu anajipangusa vumbi. Fundi pikipiki aliyekaa pembeni akacheka mpaka kashata ikamtoka mdomoni, akasema wee mzee hiyo ni hirizi ya Kizungu tu, risasi ikishatoka imetoka. Basi watu wakagawana, nusu kwa mzee nusu kwa fundi. Mi nikawa nasikiliza, na kilichonikera ni kwamba pande zote mbili walikuwa wanaongelea risasi kama vile ni kitu kimoja.

Chukua risasi ya bastola ya 9 mm na ya SMG, yaani AK, ziweke kiganjani. Kile kipande cha mbele kinachoruka uzito wake unakaribia kulingana, gramu 8 hivi kila kimoja. Tofauti iko kwenye mwendo. Ya bastola inatoka na spidi ya mita kama 370 kwa sekunde, ya AK mita kama 715. Utasema si mara mbili tu hiyo, sasa tatizo nguvu haiendi hivyo, mwendo ukizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne, kwa hiyo bastola inakuja na jouli (kipimo cha nguvu hiyo) kama 550 na AK inakuja na zaidi ya 2,000, halafu ya bastola ina pua butu na ya AK imechongoka na nyingi zina kiini cha chuma ndani. Ukijua hilo peke yake nusu ya ubishi umekwisha.

Ile fulana laini unayoona kwa askari wengi na walinzi, ndani yake hakuna bati. Ni kitambaa, tabaka juu ya tabaka, ishirini na kitu na kuendelea, kimefungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji kama godoro dogo jembamba. Nyuzi maarufu ni za Kevlar, alizigundua mama mmoja mkemia wa kampuni ya DuPont, Stephanie Kwolek, mwaka 1965, na hapo wala hakuwa anatafuta kinga ya risasi, walikuwa wanatafuta nyuzi nyepesi za kuimarishia matairi ya magari. Uzito kwa uzito zina nguvu mara tano ya chuma. Risasi ya bastola ikigonga pale inabonyea kama uyoga, nyuzi zinavutana pembeni na kuigawana nguvu, ni kama mpira uliopigwa ukanasa kwenye wavu wa goli. Ya AK haisubiri huo mgawanyo. Inapenya kama sindano kwenye khanga, hata ukunje khanga mara ngapi.

Ndo maana Wamarekani kupitia NIJ, taasisi yao ya serikali inayopima vifaa vya polisi, wameziweka kwa madaraja. Kwa utaratibu uliozoeleka, IIA, II na IIIA ni za bastola, III na IV ni za bunduki ndefu, na hizo mbili za mwisho kwa kawaida siyo kitambaa tena, ni kigae kigumu kinachochomekwa kwenye mfuko mbele na nyuma. Mwishoni mwa 2023 wakatoa utaratibu mpya wenye majina mapya, HG kwa bastola na RF kwa bunduki, na kwenye RF1 risasi ya AK imo kabisa kwenye orodha ya kujaribiwa. Kigae chenyewe kinafanya kazi kwa namna ya kuvutia, sehemu ya mbele ni kauri ngumu sana ambayo inaivunja risasi vipande, na nyuma yake kuna tabaka za nyuzi zinazodaka vile vipande. Yaani kigae kinakubali kupasuka ili wewe usipasuke. Vingine ni vya plastiki iliyoshindiliwa, polietilini, ukoo mmoja na lile dumu lako la maji, vyepesi kweli kweli ila vina vituko vyake, kuna ambavyo vinasimamisha risasi kubwa ya milimita 7.62 halafu vinatobolewa na ndogo ya 5.56 yenye ncha ya chuma. Kwa hiyo hata kusema kubwa inazuiwa basi ndogo itazuiwa ni kujidanganya.

Sasa upande wa mzee. Anayetaka kuona vazi hili likifanya kazi aangalie tukio la North Hollywood, Los Angeles, tarehe 28 Februari 1997. Majambazi wawili wakatoka benki wamevaa kinga za risasi na bunduki za kivita mikononi, polisi waliofika kwanza wana bastola na shotigani. Dakika 44 za mapambano, risasi kama 2,000 jumla ya pande zote, polisi wanawalenga vifuani zinagonga na jamaa wanaendelea kutembea barabarani kama wameenda sokoni. Ikafika mahali askari wakakimbilia duka la silaha la jirani kuazima bunduki. Walioumia ni karibu watu ishirini, waliokufa ni wale majambazi wawili tu. Na walikufaje? Mmoja alijimalizia mwenyewe kwa bastola, mwenzake alivuja damu baada ya kupigwa risasi 29, na askari walimlenga chini ya gari kwenye miguu, ambako hakuwa na kinga. Hilo tukio moja linampa mzee pointi na linampa fundi pointi. Kifua kilikaa salama, mtu akafa kwa miguu.

Kwa polisi hesabu inaegemea kwa mzee zaidi. Uchambuzi wa 2010 wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulionyesha askari wa Marekani aliyepigwa risasi kiwiliwilini akiwa amevaa ana nafasi ya kupona zaidi ya mara tatu ya ambaye hajavaa. Hiyo siyo hirizi. Lakini inafanya kazi kwao kwa sababu jambazi wa kule mara nyingi anabeba bastola. Ukilichukua vazi hilohilo la kitambaa ukampelekea askari wa Turkana au Baringo kule Kenya anayefukuzana na wezi wa mifugo, au mtu wa Kivu kule Kongo, ambako bunduki ya kwanza utakayokutana nayo ni AK, umembebesha joto tu. Labda limsaidie kwa vipande vya bomu. Hapa ndo namuunga mkono fundi, ila siyo kwa sababu aliyoitoa yeye.

Halafu kuna neno kuzuia lenyewe. Watu wanadhani ikizuiwa basi hukuguswa. Kwenye majaribio wanaiweka fulana juu ya bonge la udongo laini, wanapiga, kisha wanapima shimo lililobonyea nyuma yake, na ruhusa ni mpaka milimita 44. Pima kwenye vidole vyako, ni karibu vidole viwili na nusu. Kwa hiyo fulana iliyofaulu mtihani inaruhusiwa kuingia kifuani kwako kiasi hicho, mbavu zinaweza kuvunjika na pafu likapata jeraha. Utapona, ila hiyo habari ya kuanguka na kujipangusa vumbi ni ya kwenye sinema.

Na vitu hivi vinazeeka bana. Kulikuwa na kampuni ya Marekani ikiitwa Second Chance, mwanzilishi wake Richard Davis alikuwa muuza piza Detroit, akapigwa risasi na vibaka, akatengeneza kinga na kuzunguka anajipiga risasi mwenyewe kifuani mbele za watu ili waamini, alifanya hivyo zaidi ya mara mia. Huyo huyo baadaye kampuni yake ikahamia kwenye nyuzi mpya za Kijapani zinaitwa Zylon, nyembamba na nyepesi kuliko Kevlar, kila askari akazitaka. Juni 2003 risasi ikapenya fulana ya askari mmoja wa Pennsylvania, risasi ambayo kwa makaratasi ilitakiwa isimamishwe. Wakaja kugundua Zylon inaoza taratibu ikikaa kwenye joto na unyevu. NIJ walipokusanya zilizotumika na kuzipiga, zaidi ya nusu zilitoboka, na Agosti 2005 wakaziondolea kibali. Kampuni ya Toyobo iliyotengeneza nyuzi hizo ilikuja kulipa dola milioni 66 mwaka 2018 kumaliza kesi. Joto na unyevu ndugu zangu! Hiyo ni Pennsylvania yenye theluji, sasa fikiria jasho la Tanga mwezi wa pili. Zylon imeachwa kwenye fulana hizi lakini somo la jasho lipo, ndo maana watengenezaji wengi wanatoa dhamana ya miaka mitano tu, na mitumba ya haya mavazi mimi siwezi kumshauri mtu anunue.

Kofia sasa, na hapa ndo watu wanadanganyika zaidi. Kofia ya chuma ya vitani haikuzaliwa kwa ajili ya risasi. Mwaka 1915 Wafaransa walitoa ile ya Adrian na Waingereza ile ya Brodie inayofanana na sahani iliyofunikwa, maana kwenye mahandaki askari walikuwa wanauawa na vipande vya mizinga vinavyonyesha kutoka juu, wakati vichwani wana kofia za kitambaa. Chuma cha Adrian kilikuwa hata milimita moja hakifiki, bunduki ikikulenga moja kwa moja inapita. Na kwa kazi yake ilikuwa nzuri ajabu, mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walizijaribu kofia za zamani kwa wimbi la mlipuko kutoka juu, na ile ya Kifaransa ya miaka zaidi ya mia ikafanya vizuri kuliko ya kisasa ya jeshi la Marekani, huenda kwa sababu ya ile tuta ya chuma juu ya utosi.

Za kisasa zenye uzito wa kilo moja na nusu hivi zinapimwa kwa vipande vya bomu na kwa bastola ya 9 mm. Bunduki ya kivita siyo ahadi yake, ingawa zipo mpya za polietilini ambazo zimewahi kufanya maajabu, Septemba 2018 Afghanistan askari mmoja wa Kimarekani alipigwa nyuma ya kichwa na risasi ya bunduki nzito ya mm 7.62 akiwa kavaa moja ya hizo na akaishi, wakaja kumrudishia ile kofia yenye alama kama zawadi. Lakini shida ya kofia haiishi kwenye kutoboka. Kifuani kuna nyama na mbavu za kubonyea, kichwani kuna sponji nyembamba halafu fuvu, kofia ikibonyea kwa ndani inakugonga yenyewe. Na uso na shingo viko wazi muda wote.

Basi mtu atasema, kwa nini wasimfunike askari mwili mzima na vigae vikaisha? Wamarekani walilipitia hilo Iraq. Ripoti ya siri ya Pentagon iliyovuja Januari 2006 iliangalia askari 93 wa kikosi cha Marine waliokufa kwa majeraha ya kiwiliwili, na 74 kati yao walipigwa mabegani, ubavuni au pembezoni ambako kigae hakikufika. Wakaongeza vigae vya ubavuni, vya mabega, vya shingo, mzigo ukafika kilo 14 na zaidi, hapo hujaweka maji, risasi wala redio. Wakapelekwa milima ya Afghanistan wakawa wanapumua kama punda wa Lamu mchana wa jua, na kufikia 2009 jeshi likaanza kuwapa fulana nyepesi zinazofunika sehemu ndogo zaidi ya mwili, yaani wakapunguza kinga makusudi ili mtu aweze kukimbia. Huwezi kusema walikosea mwanzo au mwisho. Asiyeweza kujirusha kwenye mtaro anakaa kwenye shabaha muda mrefu, na aliyevaa kidogo akipigwa ubavu hana msaada.

Fundi alipotaja hirizi alinikumbusha Maji Maji, 1905, Kinjikitile kule Ngarambe na ile dawa ya maji, mtama na mbarika, kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Tarehe 30 Agosti mwaka ule kule Mahenge watu wakaenda mbele ya bunduki za rashasha kwa imani hiyo. Sifananishi, Kevlar ni kemia na inapimika. Ninachofananisha ni ile namna ya kuvaa kitu bila kuuliza mipaka yake, maana mtu akiamini hafi anasimama pale ambapo angelala. Kwangu mimi afadhali askari mwenye kitambaa anayejua ni cha bastola kuliko mwenye kigae cha daraja la IV anayedhani ni ukuta. Lakini bora zaidi awe na kigae na ajue. Kwa anayekutana na AK kila wiki kumnunulia fulana laini ni kubana matumizi juu ya kifua cha mtu.

Jumatatu nikapita pale kwa yule mlinzi, kijana mpole, nikamwomba nione kibandiko cha ndani, kile chenye daraja na mwaka. Akafungua velkro, akageuza. Maandishi yameisha kwa jasho, imebaki picha ya mtu mfano wa kukuonyesha upande wa kuvaa. Nikabonyeza kwa mbele, nene, ina kitu. Nikamwambia geuka, nikabonyeza mgongoni, pakaingia kama mto. Akacheka kwa aibu, akasema brother nyuma hawakutuwekea, mi mwenyewe nimekunja boksi la sabuni nikachomeka ili isilegee.

Jioni nikamsimulia mzee. Akapuliza kahawa yake, akanywa, akasema, "Basi asiwape mgongo."