Geti na stenlesi visikatwe pamoja

Kaunta ya stenlesi niliyomtengenezea mama mmoja wa mkahawa, karibu na Gikomba, Nairobi, haikumaliza wiki tatu kabla ya yeye kunipigia simu. Nilipofika nilikuta vidoa vya rangi ya chai, vidogo kama mbegu za nyanya, upande mmoja tu. "Fundi, umeniuzia feki," akaniambia. Iliniuma, kwa kuwa stenlesi ile nilikuwa nimeinunua halisi.

Ule upande mmoja ndio ulionikumbusha. Siku ya kuichomelea, mwenzangu pale karakanani Kariobangi alikuwa akikata geti kwa grainda, na cheche zilirukia upande huo huo. Bati halikuwa na kosa. Sisi ndio tulilichafua.

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromiamu, metali iliyochanganywa ndani yake, angalau asilimia 10.5; hii ya daraja la 304 tunayotumia jikoni ina kama 18. Kromiamu hukutana na hewa ikafanya utando mwembamba usioonekana, na ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Lakini chembe ya chuma cheusi, kile cha kawaida cha kutengenezea geti, ikinasa pale, utando haupati nafasi. Chembe inaoza, na mahali penye chumvi kutu huanza kuchimba hata stenlesi yenyewe.

Ndiyo maana siamini tena fundi mwenye brashi moja ya waya kwa kazi zote. Hata ikiwa brashi yenyewe ni ya stenlesi, ikishapita kwenye chuma cheusi inabeba chembe. Diski ya grainda vilevile, glavu vilevile, hata meza: mimi huweka plaiwudi juu yake, na karatasi ya plastiki siibandui kwenye bati mpaka mwisho.

Najua mtaniambia nafasi ni ndogo na kodi haingoji. Kweli. Basi kata stenlesi asubuhi, geti zije mchana, na katikati utundike turubai. Kabla ya kupeleka kazi, ilowanishe kwa maji safi uiache ikauke usiku kucha. Chembe zikiwepo, asubuhi utaziona zimegeuka kahawia.

Kaunta ya yule mama niliisafisha kwa asidi ya sitriki nikaisuuza vizuri, bila kumtoza senti. Vidoa havijarudi. Brashi ya stenlesi sasa ina mpini wa buluu na msumari wake peke yake. Jirani akija kuiazima, namnyima.