Ukumbi wa michezo Mtwara: kuta nne au paa tupu?

Soka ya Mtwara ina uwanja wa Nangwanda Sijaona. Ukija kwenye kikapu, netiboli na wavu, mtu akitaja ukumbi wa ndani wengi hukupeleka Kigali: ule uliofunguliwa 2019, watu takribani 10,000, umefungwa pande zote. Ila Kigali iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtwara iko baharini kwenyewe, kwenye unyevu na chumvi.

Wanaotaka kuta wana hoja. Kinyoya cha badmintoni hakizidi gramu 5.5, pepo za kusi zikivuma hakuna mchezo hapo. Lakini kuta zinakuletea kiyoyozi, na sakafu ya mbao ndiyo itakayokuumbua. Mbao hunywa unyevu na kutanuka. Fundi asipoacha upenyo wa sentimita 5 hivi kando ya ukuta, sakafu inavimba katikati. Kiyoyozi kikizimwa miezi miwili kukwepa bili, kingo zinapinda.

Paa tupu, lisilo na kuta, ni nafuu na hewa inapita, nalo lina maradhi yake. Mgongo wa bati huoshwa na mvua, tumbo haliguswi: chumvi inajaa hapo, kutu inaanzia kwenye matundu ya skrubu. Tone moja sakafuni, mechi imesimama. Upepo nao huingia chini na kulinyanyua paa. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Hidaya ni ya Mei 2024 tu. Hapa msingi mzito na bolti si pa kubania pesa.

(Mabati ya kupitisha mwanga ili kuokoa umeme? Astrodome, uwanja wa besiboli wa Houston, Marekani, ilifunguliwa 1965 na paa la namna hiyo. Wachezaji hawakuona mpira, likapakwa rangi, nyasi zikafa.)

Mimi ningeanza na paa, sakafu ya zege na vigae vya plastiki, ila kwa vipimo vya ukumbi kamili. Wengi hupima kikapu peke yake: mita 28 kwa 15, na mita 2 kila upande unapata 32 kwa 19. Netiboli ni 30.5 kwa 15.25, na pembezoni mita 3.05, jumla 36.6 kwa 21.35. Jenga la kikapu, umewafungia nje wachezaji wa netiboli. Na zile mita 7 za kimo zinazotakiwa kwa kikapu na wavu hupimwa hadi kwenye taa au kenchi iliyo chini zaidi, si kwenye kofia ya paa.

Urefu wa jengo ulale mashariki-magharibi. Kuta ndefu za kaskazini na kusini zinaweza kungoja bajeti. Zile fupi mbili zisingoje, maana saa kumi na moja jioni jua linaingia usawa wa macho ya anayepokea sevu.