Nukta mkato iliyonimaliza

Najua mshikaji wangu ameshawatumia hapa grupu toleo lake la aibu yangu ya Ijumaa ofisini, limejaa chumvi. Sikulia. Na projekta hakuizima bosi, nilichomoa waya mwenyewe.

Ule mwongozo wa kusimika programu huria tunayotumia ofisini ulikuwa bado unaagiza hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 9.6, ambalo watengenezaji wenyewe waliacha kulihudumia Novemba 2021. Tena kwa apt-key, amri ya kupokea funguo za vyanzo vya programu, ambayo ukiiita tu ilikuwa inakuonya kwamba imeshastaafishwa. Halafu eti uingie kwa psql, programu ya kuiandikia hifadhidata amri, hivi: psql -U postgres. Jaribu hivyo kwenye Linux ya Debian iliyosimikwa sasa hivi uone utakavyofukuzwa mlangoni. Nikarekebisha: sudo -u postgres psql (sudo inaendesha amri kwa jina la mtumiaji mwingine), na chini yake nikaandika "haitauliza nenosiri la hifadhidata". Ishikeni hiyo sentensi.

Ijumaa nikaambiwa niwaonyeshe wenzangu. Bosi kakaa mbele kabisa, miguu kaikunja nne. Ukuta wote ni skrini yangu.

Nikapiga amri. Sudo ilikuwa imeshaniuliza nenosiri langu wakati wa kusimika, bado inalikumbuka, ikapita kimya. Mimi macho kwa watu, mdomo unaendelea kuhubiri, vidole vikaandika nenosiri kwa mazoea. Enta. Nikageuka kidogo, nikaona alama imebadilika, =# imekuwa -#. Nikadhani limekataliwa. Nikaandika tena, taratibu, herufi kwa herufi, kama namsomea mtoto. Enta.

Kimya. Kisha kijana wa mazoezi kwa vitendo, Mungu amsamehe, akanong'ona kwa sauti ya mnada: "Kaka, weka nukta mkato!"

Nikaweka.

(Mnaojua psql nasikia mnacheka. Ilikuwa inasubiri hiyo tu, ndiyo inayofunga amri, ili isome yote niliyoandika kama amri moja.)

ERROR: syntax error at or near "bosimnoko2024"
LINE 1: bosimnoko2024

Na chini yake kile kimshale, ^, kikielekeza palepale kwenye b, asije mtu akapitwa. Maandishi yenyewe nilikuwa nimeyakuza ili wa nyuma waone. Wa nyuma waliona.

Bosi alikisoma kimya. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. "Sasa hiyo 2024," akasema, "ina maana mwaka uliotangulia nilikuwaje?"

Waya, mlango, ngazi, bodaboda.

Marekebisho yamepokelewa. Nenosiri nimebadilisha. Na anayejiandaa kuniuliza jipya ni lipi, nimeshamtoa kwenye grupu.